Kuhusu Watu Tisa Niliowaajiri Kwenye Mahojiano Yenu ya Mazoezi

Kwa Bibi Meneja,
Ofisi ya Kuwasaidia Wakazi Kupata Kazi na Kupanga Matumizi ya Nyumbani,
Ghorofa ya pili, mlango ulioandikwa "Vuta" lakini unasukumwa.

YAHUSU: KUKATAA KUWAFUKUZA WATU TISA, PAMOJA NA MALALAMIKO MENGINE

Bibi Meneja mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ni ndefu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, na hilo halikuhusu.

Barua yako niliipokea jana mchana. Nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa miwani yangu, mara ya pili kwa miwani ya mke wangu, na mara ya tatu bila miwani, nikitumaini labda itasema kitu kingine. Haikusema. Inasema kuna watu tisa walioacha kuhudhuria darasa lako la Jumanne asubuhi kwa madai kwamba wameajiriwa na mimi. Wasipoonekana Jumanne ijayo, majina yao yatafutwa kwenye daftari la wanaotafutiwa kazi. Na mimi niwaambie wazi, kwa kinywa changu, kwamba hakuna kampuni, hakuna kazi, na yale mahojiano yalikuwa ya mazoezi.

Kwa heshima zote, nakataa.

Kabla hujakasirika, ujue unaandikiana na nani. Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu, na la nne nililisikia kupitia dirishani. Lakini nilikuwa mnyapara wa wabeba mizigo pale ghala kubwa kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna gunia lililopasuka mikononi mwa mtu niliyemchagua mimi. Lilipasuka moja, lakini huyo alichaguliwa na shemeji yake. Kwa hiyo usidhani ni mzee wa hivi hivi tu.

Malalamiko nayapanga kwa namba, kama mnavyofundisha, ili ukichoka ujue umeishia wapi.

1. Mlinitafuta wenyewe. Mimi sikuja kwenu kuomba cheo. Nilimsindikiza mama watoto kwenye lile darasa la matumizi ya nyumbani, kwa sababu ngazi zenu hazina pa kushikia na yeye ana kikapu. Nikakaa kwenye benchi la koridoni, nimenyamaza zangu, nawatazama watu walivyokaa vibaya. Karani wako, yule wa kalamu sikioni, akanijia mbio. Akasema mtu aliyeahidi kuja kukaa kama mwajiri kwenye mahojiano ya mazoezi ameugua, na mimi nina sura inayofaa. Nikamuuliza sura gani. Akasema, "Sura ya mtu asiyeridhika, mzee wangu." Kwa mtu mwingine hilo ni tusi. Kwangu ni cheti. Sura hii niliijenga ghalani kwa miaka thelathini na moja, kama nilivyokwisha kusema.

Nikapewa kiti kinachozunguka, meza, chupa ya maji na fomu yenye visanduku. Kuzunguka nilizunguka mara moja tu, kukijaribu. Kisha wakaanza kuingia, mmoja mmoja, watu kumi na wanne.

2. Nilihoji kweli, sikuigiza. Karani aliniambia nifanye kama ninaajiri, halafu mwishoni niseme, "Asante kwa kufika, tutakupigia." Nilimwelewa vizuri. Mimi si kiziwi, ni sikio moja tu. Lakini hebu kaa wewe kwenye kile kiti. Anaingia mwanamume mzima, shati la kuazima (najua ni la kuazima kwa sababu mikono imeishia karibu na kiwiko), limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Ameamka alfajiri, ametembea kwa mguu. Anakutazama machoni kama mlivyomfundisha. Anakwambia yuko tayari kwa kazi yoyote. Halafu wewe umwambie tutakupigia, na namba yake huna? Uwongo wa namna hiyo mimi sikufundishwa. Huenda uko darasa la nne.

Fomu yenu nikaiweka pembeni. Inamuuliza mtu anajiona wapi baada ya miaka mitano. Mtu hajui saa saba mchana atajiona wapi! Nikatumia njia yangu ya ghalani. Kwanza namwambia ahamishe kiti kutoka upande huu wa chumba hadi ule. Anayekiburuta, hapana. Anayekinyanyua na kukimbia nacho ni mchapakazi, lakini usimpe funguo. Anayekinyanyua, akatazama kwanza kama nyuma yake kuna mtu, huyo mshike usimwachie. Pili namuuliza nyumbani kwao nani anamwogopa. Akisema hakuna, amepita. Tatu namtazama kisogo akiwa anatoka, maana uso mtu anauandaa lakini kisogo hakijui kama kinatazamwa. Wanasema akili ni nywele. Mimi sina hata unywele mmoja, na bado niliona yote hayo.

Kati ya kumi na wanne, tisa walipita. Kila mmoja nikamwambia: umepata, njoo kwangu Jumatatu saa moja asubuhi. Kazi gani, walikuwa wameijaza wenyewe juu ya fomu: mlinzi, dereva, mhasibu, mpokea wageni, na kuendelea. Nikampa kila mtu alichoomba. Sikuona sababu ya kumnyima mtu kitu ambacho sina.

3. Wakaja. Hili ndilo unaloniandikia kana kwamba ni kosa langu. Nakiri, Jumatatu saa moja mimi mwenyewe nilikuwa na taulo. Nafungua mlango, watu tisa wamejipanga ukutani, viatu vinang'aa. Mama watoto akachungulia, akahesabu watu, akaenda akahesabu vikombe, tukawa na upungufu wa vikombe vitatu. Akaniuliza kwa ile sauti yake ya chini, ambayo ndiyo mbaya: "Baba watoto, hawa ni nani?" Nikamjibu ni wafanyakazi wangu. "Wa kazi gani?" Nikamwambia hilo ni suala la utawala, na Mkurugenzi atalitolea tamko baada ya chai.

Ningekuwa mimi ni wewe, ningetarajia wacheke waondoke. Hawakuondoka. Baadaye nilimuuliza yule tunayemwita Profesa, kwa sababu ya vyeti vyake saba, vyote vya kwenu, ni kitu gani kilimzuia. Akasema, "Mkurugenzi, nyumbani nimeshasema nimepata kazi. Mke wangu alilia. Sasa nikirudi saa mbili asubuhi nikamwambie nini?" Kwa hiyo, Bibi Meneja, unaponitaka niseme kwa kinywa changu kwamba hakuna kazi, usidhani nitakuwa namwambia Profesa peke yake. Nitakuwa namwambia na yule aliyelia. Kinywa hicho sina.

Basi wakaanza kazi. Mpokea wageni akakaa barazani kupokea wageni. Mlinzi akasimama mlangoni, na siku hiyo hiyo, nilipotoka kununua kiberiti, alinizuia kurudi ndani kwa sababu simo kwenye orodha. Nikamwambia mimi ndiye Mkurugenzi. Akasema, "Wote husema hivyo, mzee." Nikasimama juani robo saa hadi mpokea wageni akanipokea. Nilikasirika, tena sana, lakini chini ya hasira nilijisifu: kisogo chake hakikunidanganya. Jirani yangu, kinyozi mstaafu, mtu asiye na kazi nyingine ila dirisha lake, alipiga kelele wiki nzima: "Kampuni ya baraza hiyo! Mshahara chai, marupurupu sukari!" Sikumjibu. Mkurugenzi hajibizani na dirisha.

4. Mafunzo yenu ya matumizi yameingia nyumbani kwangu bila hodi. Mhasibu niliyemwajiri ni mama mmoja tunayemwita Mama Risiti. Hesabu za kampuni hakuwa nazo, kwa sababu kampuni haikuwa nazo. Mikono ikamwasha. Akaona kopo la pesa la mama watoto kabatini, akakaa naye mezani kutwa nzima, wakaigawa nyumba yangu mafungu matatu kama mnavyowafundisha: ya lazima, ya maana, na ya kujifurahisha. Sabuni ni ya lazima. Dawa ya goti ni ya maana. Kijiko changu cha tatu cha sukari ni cha kujifurahisha. Gazeti langu ni la kujifurahisha, eti nasoma matangazo ya vifo tu, ningeweza kuwauliza majirani. Na mimi mwenyewe, mwenye nyumba, niliwekwa fungu la tatu! Nikakata rufaa. Nimepandishwa hadi la pili.

Sasa nikitaka kiatu kikashonwe lazima nieleze sababu, na sababu isiwe "kwa sababu nimesema." Miaka arobaini na miwili ya ndoa sababu yangu ilikuwa hiyo hiyo moja, na haikuwahi kuchakaa. Ni kweli mwisho wa mwezi huu kopo lilikuwa bado na kitu ndani. Sikuwahi kujua linalia vipi likitikiswa tarehe thelathini. Linalia vizuri. Lakini lalamiko liko pale pale.

5. Kampuni ina kazi, na hilo kwenye barua yako hulitaji. Wiki ya tatu, fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, nyumba ya mbele, alitakiwa kuhama kabla ya jioni. Ana vyerehani viwili, kitanda, na kabati la nguo la milango mitatu, na ngazi zao zinakata kona kama mtu anayekwepa deni. Vijana aliowakodi walilitazama lile kabati, wakatazamana, wakaaga. Akavuka barabara, akawakuta watu wangu tisa wamekaa barazani, viatu vinang'aa, kimya. Akauliza, "Samahani, hapa ni kazini au mna msiba?"

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi mizigo ya wenzangu nimeibeba miaka thelathini na moja, na sijaona usufi. Nikasimama. Goti likalia, nikaliambia linyamaze. Nikawafundisha pale pale chini ya ngazi: kabati halishuki na milango yake, vua kwanza. Droo funga kwa kamba. Kioo kinasafiri kati ya magodoro mawili kama mgonjwa. Aliye chini ndiye anayesema, aliye juu ananyamaza, na anayejua sana anashika taa. Mpokea wageni akasimama kwenye kona akiwaomba wapangaji wasubiri kidogo, na kwa tabasamu lile hakuna aliyegombana naye. Mlinzi akalinda vitu barabarani, na mwenye vitu mwenyewe alipotaka kuchukua mwavuli wake akamnyima. Dereva, ambaye hana gari, akasukuma mkokoteni wa kuazima, na kila kona alinyoosha mkono kuonyesha anakata upande gani. Mama Risiti akaandika kila kitu hadi vijiko. Na Profesa, pamoja na vyeti vyake saba, akashika upande wa chini wa kabati ghorofa zote tatu. Ukutani hakuna mkwaruzo. Nenda ukaangalie.

Fundi akalipa, akashukuru, akasimulia. Tangu siku hiyo tumehamisha nyumba kumi na moja, duka moja la vioo, na mchumba mmoja aliyekuwa anahamia kwa mwenzake, wakagombana njiani tukamrudisha. Kila mtu anapata chake Jumamosi, na Profesa amenunua shati lenye mikono mirefu. Kinyozi bado yuko dirishani, ila siku hizi anauliza bei.

6. Ukutani kwako kuna mchoro wenye mistari miwili. Nimeuona, maana uko mbele ya kiti kinachozunguka. Mstari wa watu waliofundishwa unapanda kama ngazi. Mstari wa watu waliopata kazi umelala chini kabisa. Nilidhani ni fremu. Mwaka mzima mmewafundisha watu kukaa wima, kutabasamu, na kueleza udhaifu wao. Mtu hana kazi, unataka akueleze udhaifu gani tena? Hata jogoo hafanyi mazoezi ya kuwika kwa mwaka mzima. Kuna siku anawika tu, ajue mwenyewe kama kumekucha.

6. (Mama Risiti anasema namba sita imetokea mara mbili. Ziache, zote nzito.) Sasa nifuate polepole, maana hapa ndipo hoja yangu inapopanda. Mahali pasipotoa kazi panaitwa ofisi ya kazi. Mahali panapotoa kazi, yaani baraza langu, panaitwa mazoezi. Moja ya haya majina limekaa vibaya, nami sitaki kukuaibisha kwa kusema ni lipi. Lakini kama baraza langu ndilo la kweli, basi ofisi yako ndiyo ya mazoezi. Na kama ofisi yako ni ya mazoezi, na waliofanya mazoezi humo wamekuja kuajiriwa kwangu, basi ofisi yako ni idara ya mafunzo ya kampuni yangu. Na kama ni idara yangu, Bibi Meneja, wewe ni mfanyakazi wangu, na hujaripoti kazini kwa wiki nane. Wiki sita nimekusamehe kwa kuwa hukujua.

Kwa hiyo nadai yafuatayo, bila ugomvi:

Kwanza, majina ya watu wangu yasiguswe. Kazi ya kuhamisha watu ina misimu. Kuna wiki hakuna anayehama, na mtu mwenye akili hafungi mlango wa nyuma kwa kuwa wa mbele umefunguka. Lakini darasani hawaji. Hawaji hata ukiwatumia karani wa kalamu sikioni. Mtu aliyeshusha kabati la milango mitatu hafundishwi kukaa.

Pili, mnipe muhuri.

Tatu, mnipe kile kiti. Kwenu kinazunguka bila sababu.

Nne, wewe mwenyewe uje barazani kwangu kwa mahojiano, siku yoyote isipokuwa Jumamosi. Usiogope, nawahoji watu kwa huruma. Vaa viatu vya chini, utahamisha kiti.

Naishia hapa kwa kuwa karatasi imeishia hapa. Nisalimie karani wako, na mwambie sura bado ni ile ile. Nisalimie mama anayefagia ngazi zenu, ndiye pekee niliyemwona akifanya kazi siku ile. Nisalimie mumeo kama unaye, na kama huna, hiyo si idara yangu. Wasalimie wale watano niliowakataa, uwaambie wasikate tamaa, ila waache kuburuta viti. Mama watoto anawasalimu nyote pamoja na wanafunzi wenzake wa kopo.

Ni mimi, mwenye kusimama kwa miguu yangu, mmoja mzima,

MKURUGENZI
(zamani Mnyapara)

TANBIHI. Barua hii niliiacha mezani nikaenda kununua bahasha. Niliporudi walikuwa wameshaisoma wote tisa, na wa kumi ni mama watoto. Profesa alisema ina hoja. Mama Risiti alisema ina kurasa sita. Halafu Mlinzi akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: "Kwani Mkurugenzi alihojiwa na nani?" Wakakubaliana kwamba si haki tisa wahojiwe na mmoja apite bure, kwa hiyo nafasi itangazwe. Ikatangazwa barazani hapo hapo. Waombaji tulikuwa wawili: mimi, na mama watoto, aliyesema anaomba tu ili nisiwe mpweke.

Swali lilikuwa moja. Kazi ikikosekana wiki nzima, Mkurugenzi atafanya nini? Mimi nilijibu kwa sauti kwamba nitawafokea. Mama watoto, huku anamenya kitunguu, alisema atapita nyumba kwa nyumba kuuliza ni nani kodi yake inakwisha mwisho wa mwezi. Alipata kura tisa. Nilinyoosha mkono nimwongezee ya kumi, nikaambiwa mwombaji hapigi kura.

Kitunguu hakijaisha, ametoa amri yake ya kwanza: Jumanne kazi ianze saa nne, darasa likishatoka, kwa sababu katika nyumba zote tulizohamisha hakuna aliyewahi kuhama Jumanne kabla ya saa nne. Basi. Majina yanabaki, kazi inabaki, na mke wa Profesa haambiwi kitu. Hilo mimi nimelizunguka kwa kurasa sita sikuliona. Amesema barua nisiitume. Naituma, kwa sababu bahasha hairudishwi dukani.

Mimi nimepewa nafasi ya Mshauri wa Ngazi na Kona, kwa majaribio ya miezi mitatu, kwa sharti kwamba nijifunze kujibu mahojiano. Kwa hiyo Jumanne tutakuja kumi. Niwekeeni kiti cha mbele, mkono wa kushoto, ili sikio zima limwelekee mwalimu. Kikiwa cha kawaida hakuna neno. Na kule juu, kote nilikoandika Mkurugenzi, tafadhali someni Mwombaji.